Aldéa Wawili wa Mtaa wa Beaudet

Siku ya uchaguzi, Aldéa Vaillancourt alivua aproni mapema kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, akaomba ruhusa akapige kura. Msimamizi alimruhusu, maana siku hiyo nusu ya Montreal ilikuwa imeomba ruhusa ya namna hiyo. Alipanda tramu hadi kona ya mtaa wa Beaudet, akakwea ngazi za nje akishika ukuta kwa sababu ya theluji, akamlisha mama mkwe wake supu ya njegere kavu, kisha akavaa kofia ya Jumapili.

Mama mkwe, Exilda, alikuwa kipofu, na miguu yake iliacha kumbeba hata kabla mwanawe, mumewe Aldéa, hajafia bandarini.

"Unampigia nani?" aliuliza.

"Yule mwalimu."

"Mwalimu hashindi yule."

"Najua, Mama. Lakini kasema nyumba zetu hazibomolewi."

"Haya, funika shingo."

Jambo lenyewe lilikuwa hilo. Diwani Rosaire Lamarche alikuwa amewaahidi wenye duka kubwa la barabara kuu kwamba mtaa wa Beaudet utageuzwa maegesho ya magari. Mpinzani wake, mwalimu wa shule mwenye sauti ndogo, alisema hautageuzwa. Wagombea wengine hawakuutaja mtaa huo kabisa.

Kura zilipigwa kwenye duka la kinyozi. Viti vilikuwa vimesukumwa ukutani na sanduku limewekwa chini ya kioo. Karani alimtazama Aldéa mara moja tu.

"Umeshapiga, Madam."

"Nimepiga lini?"

"Sasa hivi. Umetoka hapa hata mlango haujatulia."

"Mimi ndiyo kwanza naingia."

"Umepiga, Madam. Na kofia yako ndiyo hiyohiyo."

Fabien Quesnel, mtu wa diwani, yule aliyegawa makaa ya mawe kila uchaguzi ulipokaribia, alikuwa amekalia kiti cha kunyolea miguu ikining'inia. "Eti Madam Aldéa anataka kupakuliwa mara mbili!" alisema. "Wenzio wale nini?"

"Fabien," alisema Aldéa, "wewe ulilelewa kwa maziwa tuliyokuwa tukiyaacha mlangoni. Tulidhani anayaiba paka."

Watu wakacheka sana, hata karani. Lakini karatasi ya kura hakupewa.

Aliporudi nyumbani, alimkuta mwanamke jikoni akimenya viazi. Alikuwa Aldéa. Alikuwa na kovu lilelile la pasi kwenye kifundo cha mkono, na lilelile pengo la jino upande wa kushoto.

"Umekawia," alisema yule mwanamke.

"Nilikuwa nabishana na Quesnel."

"Huyo wa kubishana naye? Mama amekula mara mbili leo. Sikujua umeshamlisha."

Aldéa alivua kofia, akachukua kisu kingine, akakaa upande wa pili wa beseni. Wakamenya. Mwanamke alieleza mambo yalivyokwenda. Tangu asubuhi, yeye na wenzake walikuwa wakizungushwa kwa gari la Quesnel, kituo hiki mpaka kile, na kila kituo akipewa jina la mpiga kura wa pale. Jina likishatamkwa lilikuja na mwili wake. Sehemu moja alishikwa na kikohozi, nyingine akachechemea, na pengine akalia kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwahi kumzaa. Jina jipya lilipokuja, la zamani liliondoka. La Aldéa lilikuwa la mwisho. Halafu gari likaondoka na jina likabaki, naye akaja nyumbani kwa kuwa hapakuwa na pengine alipopajua.

"Kabla ya leo ulikuwa nani?"

"Sikumbuki. Ila viatu hivi vya kijani si vyako, kwa hiyo lazima ni vyangu. Vinanibana, tangu miguu iwe yako."

Aldéa alikiangalia kiazi alichokuwa amekishika. "Ulimpigia nani?"

"Lamarche. Ndiyo kazi niliyopewa."

"Ulikuwa umeshakuwa mimi?"

"Kabisa. Nilijua nyumba itavunjwa. Nilimfikiria Mama na hizi ngazi. Mkono ukaenda tu pale ulipoambiwa."

Aldéa alitaka kukasirika lakini hakuona pa kuanzia. Alichosikia ni aibu, kama vile mkono ule ulikuwa wake. Na kwa kweli ulikuwa wake.

"Mko wangapi humo?" Exilda aliita kutoka chumbani.

"Wawili, Mama," walijibu pamoja.

"Vizuri. Nigeuzeni basi, ubavu umekufa ganzi."

Lamarche alishinda. Kwenye mtaa wa Beaudet haikuwa nyumba hiyo moja tu. Guindon, fundi viatu, naye aliletewa mwenzake, na jioni walicheza drafti dirishani. Guindon alilalamika kwamba mwenzake alizijua hila zake zote. Paroko aliwaomba waumini wabanane kidogo kanisani. Zaidi ya hapo hapakuwa na maneno.

Baridi ile ilikuwa kali, na Aldéa hakuwahi kuipita baridi nyingine kwa wepesi kama ile. Walipokezana kazini siku kwa siku, na msimamizi alisema tu kwamba Madam Vaillancourt siku hizi ana nguvu. Kumgeuza Exilda kulikuwa kazi ya dakika. Aldéa alilala hadi kunapambazuka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Jumapili moja, yule mwenzake alipokuwa akikunja shati la marehemu walilolitunza, alilisogeza puani, na Aldéa akajua ananusa nini. Walikaa kitandani wakalia. Watu wengi walikuwa wamempa Aldéa pole katika miaka ile, na wote ilibidi awaeleze. Huyu hakuhitaji kuelezwa kitu.

Mwezi wa tatu notisi ilibandikwa kwenye kila mlango: wapangaji wawe wameondoka kufikia siku ya kwanza ya Mei, siku ambayo mji mzima huhama.

Wote wawili walikwenda kwa diwani. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la samaki, na Quesnel ndiye aliyefungua mlango.

"Leo mmekuja jozi," alisema.

Lamarche alikuwa mtu mpole mwenye mikono minene. Aliwapa viti. Yule wa viatu vya kijani ndiye aliyeanza.

"Monsieur diwani, kura ya Aldéa Vaillancourt niliiweka mimi. Naitaka."

"Na mwenyewe ni mimi," alisema Aldéa. "Naitaka pia."

Diwani alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kama mtu anayepima vitambaa viwili vya rangi moja. "Mama zangu," alisema, "ningewarudishia kwa moyo wote. Lakini kura ikishaingia sandukuni haina tena jina. Nikitia mkono mle nitatoa ya nani? Naweza kumnyang'anya mtu wa watu."

"Kumbe unaogopa kumwibia mtu," alisema Aldéa.

Quesnel alikohoa. Diwani hakukasirika. Aliwapa kila mmoja kopo la asali ya mti wa maple, akawaahidi chumba kwenye majengo ya upande wa mashariki, akawasindikiza mpaka kwenye ngazi.

Chumba walikipata kweli. Kiliandikwa cha watu wawili: Aldéa Vaillancourt na mama mkwe wake. Watatu hawakuruhusiwa, na mkaguzi alipita bila taarifa kuhesabu watu.

Siku ya kuhama walimshusha Exilda kwa kiti, mmoja mbele, mmoja nyuma. Chini, kabla hawajampakia kwenye mkokoteni wa farasi, aliishika mikono yao akaipapasa.

"Mmoja wenu anafikiria kubaki," alisema.

Aliendelea kuipapasa mikono.

"Mimi sijui yupi aliolewa na mwanangu, na msiniambie. Nyote mmenilisha. Tafuteni njia."

Njia ilipatikana. Mmoja alichukua zamu ya mchana pale hotelini, mwingine ya usiku. Mkaguzi alikuja mara nyingi, na kila mara aliwakuta watu wawili: bibi kipofu na Aldéa Vaillancourt. Aliandika kwamba nyumba ni safi. Kwenye mtaa wa Beaudet magari yaliegeshwa kwa mistari iliyonyooka, na Lamarche alipogombea tena alishinda kwa kura nyingi zaidi.

Hawakumenya tena viazi pamoja. Shati la marehemu kila mmoja alilikunja peke yake. Walikutana kwenye ngazi tu, asubuhi na jioni, mmoja akipanda na mwingine akishuka, na kwa kuwa koti lilikuwa moja, walisimama hapo kulibadilishana.

"Mama kala?"

"Kala. Nje kukoje?"

"Upepo. Funga vifungo vyote."

Anayeshuka alilivaa koti likiwa bado na joto la mwenzake, akafunga vifungo vyote, akatoka.