Kijiko Kimoja cha Salfa

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Njogu, msimamizi wa kiwanda kidogo cha slipas huko Baba Dogo, alifunga kwa nje mlango wa chumba cha kuokea soli. Alifanya hivyo kila siku, ati wanawake wasitoke na mpira ndani ya sketi. Walikuwa kumi na mmoja, vibarua wote.

Kazi ya Wacera ilikuwa kuchanganya. Mpira mbichi aliujua kama unga uliokandwa: kukiwa na joto unanata, kukiwa na baridi unakatika, ukiuvuta haurudi. Ukiutia salfa na kuuoka dakika arobaini, nyuzi zake hushikana ndani kwa ndani, na tangu hapo ukiuvuta unarudi ulipotoka.

Siku hiyo mlango wa oveni ulitoka bawaba, joto likajaa chumbani, na gunia la salfa likaanza kufuka. Waligonga mlango. Njogu alikuwa ameenda sokoni Muthurwa kununua kamba. Aliporudi, dakika arobaini zilikuwa zimeisha. Wanawake walitoka wakikohoa, wakanawa uso, wakarudi kazini.

Kesho yake mmoja wao, Truphena, alishika kalibu ya moto, chuma cha kuumbia soli, kwa mkono mtupu, kwani glavu hazikuwepo. Wote kumi na mmoja waliruka. Mkono ambao ungeungua hadi mfupa ulitoka malengelenge tu, na wale wengine kila mmoja akapata wekundu mdogo palepale.

"Eh, Truphe, umetuchoma," Wacera akasema.

"Poleni. Nilidhani ni wangu peke yangu."

Njogu akaona kitambaa alichojifunga Truphena. "Mwenye mkono mmoja simtaki. Kadar, mtoe."

Truphena alikuwa ameingojea kazi hiyo pale getini miezi mitano. Kadar, bawabu, alimshika mkono mzima. "Dada, nisamehe. Twende."

Truphena akavutika. Akapita mlango, akapita geti, akarefuka polepole hadi kwa fundi wa viatu ng'ambo ya barabara, mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo. Ndani, wale kumi walishikilia meza na kuuma meno. Kadar alipochoka, akaachilia. Truphena akarudi mezani pake na kimo chake kilekile, vumbi magotini, akaokota soli aliyoiacha.

Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Mara ya tatu Kadar alikataa, mabega yalikuwa yanamuuma. Njogu akaleta petroli, akawapaka viwikoni kama mtu anayetoa gundi. Walivimba kidogo. Kufikia saa kumi walikuwa wamenywea, na hakuna aliyeachana na mwenzake.

"Baba Mugo," Wacera akamwambia Njogu, "umeoka soli miaka kumi na tisa. Ushawahi kuona slipas ikirudi kuwa mpira mbichi?"

"Bado."

"Basi tuzoee."

Njogu alimpigia simu mwenye kiwanda, ambaye aliuliza tu kama soli zinatoka. Zinatoka.

"Hao waache," mwenye kiwanda akasema. "Kufuli libaki. Glavu hapana. Ukitaka wa kufukuza, chukua wapya."

Jumatatu Njogu alichagua mpya getini, msichana aitwaye Vivian, akamweka kwenye kalibu, akafunga mlango. Haikupita saa moja, Vivian akawa ananyonya kidole kilichoungua. Wacera akavuta kiti cha Vivian hadi karibu na oveni. Truphena akaziba dirisha kwa kadibodi.

"Mnanifanyia nini?" Vivian akauliza.

"Utakohoa kidogo tu," Wacera akasema. "Umekunywa chai?"

"Nimekunywa. Na nikikataa?"

"Utafukuzwa peke yako."

Vivian akasogeza kiti mbele zaidi. Wacera akachota salfa kijiko kimoja, akakisawazisha kwa kidole, maana ikizidi mtu anakuwa mgumu, na siku akianguka anavunjika. Akaimwaga juu ya bati la moto, akaanza kuhesabu dakika.