Dakika Tatu za Mama

Sipendi watu kwenye picha zangu. Nimejipatia riziki kwa kupiga mandhari za kalenda, milima na maji na mawingu, na mtu akijiingiza hapo namwona kama nzi kwenye chai. Kwa hiyo mke wangu aliposema likizo twende bustani ya michezo, penye bembea, gurudumu kubwa na makelele ya watoto wa watu, nilikubali shingo upande.

"Baba Mapacha, hata huko?" akaniuliza alipoona stendi ya kamera kwenye buti la gari.

"Kuna ziwa," nikasema.

Ziwa lenyewe lilichimbwa kwa mashine, na mlima wa nyuma yake ulikuwa wa saruji iliyopakwa rangi. Lakini kwa mbali, katika mwanga wa asubuhi, ungeapa ni kazi ya Mungu. Tatizo watu, walikuwa wamejaa kama siafu. Basi nikafunga kioo cheusi mbele ya lenzi. Kwa kioo kile kamera hukodoa jicho dakika tatu nzima, na yeyote anayepita hafanyi alama. Picha hutoka kana kwamba bustani ni mahame.

Mke wangu na mapacha wakaenda kupanga foleni ya gurudumu. Mama yangu, ambaye magoti yake hayataki tena ngazi wala purukushani, akabaki na mimi. Akataka kujua kioo kile ni cha nini, nami nikamweleza haraka haraka, kama mtu anayefukuza kuku.

"Kwa hiyo anayetembea haonekani," akasema. "Na anayesimama tuli?"

"Huyo anaonekana, mama. Lakini nani atasimama tuli dakika tatu mahali kama hapa?"

Nikafungua lenzi, na nilipoinua macho alikuwa ameshafika ukingoni mwa ziwa, mkoba kwapani, kilemba amekiweka sawa, ananitazama. Nikasonya, Mungu anisamehe, mama yangu mzazi. Watoto walimpita mbio, mmoja akamparuza na puto begani, naye hakupepesa jicho. Dakika tatu zilipokwisha alirudi akichechemea, akanishika bega ili asianguke.

"Nimetokea?"

Nikamwonyesha. Alikuwepo, mdogo, amenyooka, peke yake kando ya maji yote yale.

"Umetokea, mama."

Alicheka mpaka pengo likaonekana. "Basi na mimi mwakani nitakuwa ukutani kwa watu!"

Tuliporudi nyumbani niliisafisha ile picha. Mteja alitaka mandhari tupu, na mimi mkono wangu umeshazoea. Nikamfuta mama kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai, kisha nikaihifadhi picha safi juu ya ile ya mwanzo, kama ninavyofanya siku zote, maana picha yenye mtu kwangu ni takataka. Laiti ningesita kidogo, ningejitetea. Sikusita. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kalenda zilipotoka nikampelekea moja. Akavaa miwani, akafunua mwezi baada ya mwezi hadi kwenye ziwa. Kidole chake kikafuata ukingo wa maji polepole, kikarudi, kikafuata tena. Hapo ndipo nilipokumbuka.

"Nilitikisika," akasema.

"Mama..."

"Kuna mtoto alinigusa na puto. Nilijua tu." Akanipigapiga mkono, eti ananifariji. "Usijali, mwanangu. Si kosa lako, ni haya magoti."

Nami nikasema nini? Nikasema, "Hutokea, mama."

Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yalifika siku ile ile yakakaa kitako. Kalenda aliitundika sebuleni, na kila mgeni anaonyeshwa: hapa nilisimama mimi, ila nilitikisika, mwanangu ni fundi hasa, kosa ni langu. Wageni hucheka, na mimi hutazama viatu vyangu.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwake peke yangu. Njia nzima nilikuwa nikijiapiza kwamba leo nasema, liwalo na liwe. Nikamkuta jikoni amesimama katikati, hajashika meza wala ukuta, macho kwenye saa. Miguu ilikuwa ikimtetemeka.

"Mama, unafanya nini?"

"Najizoeza," akasema bila kugeuza shingo. "Mkeo ameniambia mwaka huu mnarudi kule. Jana nilifika dakika moja na nusu."

"Mama, nina neno. Ile picha..."

"Usinisemeshe, baba. Nitatikisika."

Nikasimama pale mlangoni, nikamhesabia sekunde.