Pengo la Bachis

Tangu Baba Mdogo Bachis azikwe, baba yangu hakuimba tena. Mwaka wa kwanza hakuna aliyeshangaa, maana nyumba yenye msiba haiimbi, na Mama alikuwa bado amevaa nyeusi mpaka soksi. Lakini mwaka ulikwisha, na Baba akaendelea kunyamaza.

Kwetu Olosai, kijiji cha wachungaji katika milima ya kisiwa chetu, wimbo ni wa wanaume wanne, wamesimama duara, bega kwa bega. Baba ndiye aliyeanzisha na kuchagua maneno. Mjomba Tottoi, kaka yake Mama, ana sauti ya kondoo. Mzee Gonario ana sauti ya upepo. Baba Mdogo alikuwa ng'ombe, yaani besi, ile sauti inayotoka kooni na kutikisa glasi mezani. Ukimwondoa ng'ombe, waliobaki ni wazee watatu wanaopiga kelele.

Mimi hupanda mlimani kila Alhamisi na basi la wageni kutoka pwani. Nilisoma lugha chuoni, kwa hiyo kampuni ikanipa kazi ya kuwatembeza: michoro ya ukutani, msitu wa mialoni, chakula cha mchana na wachungaji, wimbo, kisha kurudi baharini. Ni kazi ngumu kwa mtu mwenye haya. Maikrofoni ya basi naishika kwa mikono miwili. Wimbo ulipokoma, kampuni ilivumilia. Mwaka huu wakasema bila wimbo basi litapelekwa kijiji kingine.

Hilo halikuniumiza sana. Kilichoniumiza ni maneno ya Baba, aliyoyasema huku akikata jibini, kama mtu anayezungumzia mvua: duara lisiposimama kufikia kiangazi, atauza kondoo, yeye na Mama wahamie bara, mjini Turin, kwa kaka yangu Antioco, ghorofa ya tano.

"Nibaki hapa nimwimbie nani?" alisema.

Baba hajawahi kulala mahali asiposikia kengele za kondoo wake. Nilijua kwamba huko atakwenda kukaa dirishani akingoja kufa.

Nikamtafuta Sidore, fundi wa mawe, kijana wa kijiji cha ng'ambo ya bonde, ambaye besi yake inasifiwa hata na watu wasiompenda. Alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Huyu ni nani?" Baba akauliza.

"Ni besi, Baba."

"Wa wapi?"

"Wa ng'ambo, shemeji," Mjomba Tottoi akadakia. "Usimkazie macho hivyo, na wao wamebatizwa."

Wakasimama uani. Baba akaweka kiganja sikioni, akaanza. Sidore alipoingia, Mama, aliyekuwa jikoni, alizima bomba la maji ili asikilize. Nilidhani tumepona.

Baba akateremsha mkono katikati ya ubeti.

"Unaimba vizuri, mwanangu. Vizuri sana. Mama Antioco! Mfungie kijana jibini aende nayo."

Kwetu mtu akipewa jibini kabla ya divai, ameshaagwa. Sidore akaiva masikio, akashukuru, akaenda zake.

"Haya, shemeji!" Mjomba akalipuka. "Unataka besi ashushwe na malaika? Hapa Olosai wanaume wenye meno yao wamebaki wawili, padri na mbwa wa Gonario. Na padri ni mtu wa bara!"

"Mbwa ana besi nzuri," Mzee Gonario akasema, na siku ile hakusema jingine.

Baba hakucheka. "Kule besi wanaisukuma. Sisi tunaiacha ianguke yenyewe. Ng'ombe wake si wa malisho yetu, Tottoi, na wewe umesikia."

Mjomba akatazama viatu vyake. Alikuwa amesikia. Hata mimi nilikuwa nimesikia, ila nilijifanya sikusikia. Kwetu kumweka mtu wa kijiji kingine ndani ya duara ni sawa na kumlaza mgeni kwenye kitanda cha marehemu, tena shuka hazijabadilishwa. Wakati ule jambo hilo lilionekana wazi kwetu sote. Kijana mzima, mwenye pumzi, aliyekuwa tayari kuja kila Alhamisi, tulimrudisha kwao na jibini.

Ndipo Mjomba akakumbuka ile rekodi. Miaka kadhaa nyuma, kwenye arusi ya binti wa Mzee Gonario, wanafunzi walikuja na vyombo vyao wakamrekodi kila mwimbaji kwa maikrofoni yake. Sauti ya Baba Mdogo ilikuwapo, peke yake, imejitenga na za wenzake.

"Huyo ni wa malisho yetu, au naye ana kasoro?" Mjomba akauliza.

Nilingoja Baba akatae. Badala yake aliingia ndani kunyoa ndevu za msiba.

Alhamisi ilipofika wageni walikuwa Waholanzi, watu wapole, wengi wao wazee. Walikula nguruwe wa kuchoma aliyeandaliwa juu ya magome ya mwaloni, wakavunja mkate mkavu, wakanywa divai nyekundu mpaka wakaanza kuitana kwa majina. Mjomba alikuwa ameficha spika kwenye kichaka, nyuma kidogo ya pale Baba Mdogo alipozoea kusimama. Wale watatu wakajipanga, wakaacha pengo lake wazi. Mama mmoja Mholanzi akaninong'oneza, "Wa nne yuko wapi?" Nikajifanya natafuta chumvi.

Baba akaanza na wimbo uleule wa arusi, kwa mwendo uleule. Besi ikaingia.

Sijui niiandike vipi sura ya Baba. Macho yalimfunguka. Mabega yaliyokuwa yamening'inia tangu msiba yakapanda, na mwili wake ukainamia lile pengo, kama alivyozoea kumwinamia ndugu yake. Mjomba alilia huku anaimba, na sauti yake ya kondoo haikutetereka. Wageni walipiga makofi wakiwa wamesimama. Mimi nilimshukuru Mungu, kwa sauti, mbele za watu.

"Mwingine!" wakaomba, na Mjomba akaianzisha rekodi upya.

Hapo Baba, kwa furaha, akafanya kile ambacho mwanzishaji hukifanya siku zote. Aliyaacha maneno ya arusi akatunga yake. Akamwuliza Bachis huko aliko kuna majani, na je, nani anamkamulia kondoo. Neno la mwisho akalivuta, akalivuta tena, kumtega. Huo ulikuwa mchezo wao tangu utotoni: Baba anavuta, Bachis anangoja ukingoni akizuia kicheko, mpaka Baba akonyeze, ndipo ng'ombe anaanguka na wote.

Besi haikungoja. Iliingia juu ya neno lake, nzito na yenye furaha, ikiwaimbia maarusi. Baba akakatisha, akaanza tena ubeti, taratibu zaidi, akikonyeza kuelekea pengo. Besi ikaendelea na safari yake. Mjomba na Mzee Gonario wakababaika, wakanyamaza. Mwishowe ni Baba aliyebaki akiikimbilia, yeye aliyefuatwa maisha yake yote, anaokota maneno nyuma ya sauti isiyogeuka. Kisha ikakoma, naye yungali katikati ya swali.

Wageni wakadhani ndivyo wimbo unavyokwisha. Wakapiga makofi.

Baba akatoka kwenye duara, akaketi juu ya jiwe. Nikamletea maji.

"Hanisikii," akaniambia.

"Baba, ni mashine tu."

"Najua ni mashine, mwanangu. Nilimzika mimi." Alishika glasi bila kunywa. "Nilikuwa nadhani ananisikia, ila hajibu tu."

Mjomba akaja, kofia mkononi. "Shemeji, tumwite yule kijana. Mimi nitakwenda kwao kwa magoti. Tutamfundisha kuiangusha."

"Mwite," Baba akasema. "Muimbe naye. Mimi sina cha kuanzisha."

Hakusema kwa hasira. Laiti angekasirika.

Kondoo walichukuliwa kabla ya kiangazi. Mnunuzi alikuwa mtu wa bondeni, akauliza kama Baba angependa kubaki na kengele, ziwe ukumbusho.

"Wakivuliwa kengele watajuanaje?" Baba akamjibu. "Waache nazo."

Lori liliteremka na kelele zake zote. Mama, akiwa na sanduku wazi miguuni, akaniuliza kama afunge na birika la kahawa. Baba ndiye aliyemjibu, kutoka mlangoni, kwamba Antioco analo lake huko Turin.