Dakika Saba kwa Mguu

Kutoka mlangoni kwa Sheikha, huko ughaibuni Thamesmead, mpaka kituo cha basi ni mita mia tano na sitini. Mumewe Abdulwakil, fundi wa vigae, alizipima siku ile ile waliyohamia, maana hawezi kukaa mahali bila kujua urefu wake. Dakika saba kwa mguu, alisema. Mwaka wa kwanza zilikuwa saba kweli, wa pili zikawa kumi. Jumatatu moja ya Mei mwaka huu Sheikha alifunga mlango saa kumi na mbili na nusu, akafika kituoni saa moja na robo, na hakuwa amesimama popote.

Njia ilikuwa ikirefuka, na ilirefuka kwa utaratibu wake. Mwanamume akimpigia mluzi kutoka garini, zilizidi hatua kama ishirini za lami baina ya pipa la taka na kisanduku cha posta. Akitaja kiuno chake au mtandio wake, ziliongezeka nyumba mbili, na mapazia yake, na paka dirishani, na watu ndani wakinywa chai kama waliokaa pale siku zote. Akimfuata, ilizidi kona nzima. Wanaume wenyewe walipita kwa dakika zao saba na hawakupata kuziona hizo nyumba.

Aliyezidi wote ni Msabaha. Kila asubuhi alisimama nje ya duka la kinyozi na kikombe cha kahawa mkononi. Ni mtu wa Wete, Pemba, kama Sheikha, na alijua jambo ambalo vijana wa kwenye magari hawakulijua: salamu haiachwi bila kuitikiwa. Hatoi neno chafu. Husema asalaam alaikum, dada, na Sheikha, aliyelelewa kuitikia hata kama ana haraka ya kwenda hospitali, huitikia. Hapo Msabaha keshapata pa kuingilia: umeolewa, mumeo yuko wapi, mbona mkali, namba ya simu si dhambi. Salamu yake moja ilikuwa na urefu wa mtaa mzima. Inaudhi, na hakuna namna nyingine ya kulisema hilo.

Sheikha huhudumia wazee majumbani mwao. Wa kwanza kila siku ni Bi Pushpa, mjane aliyezaliwa Tanga, ambaye lazima ainuliwe kitandani saa mbili kwa sababu hawezi kuinuka mwenyewe na hataki kushikwa na mtu mwingine. Kampuni yake ilikuwa imeshampelekea Sheikha barua mbili za onyo kwa kuchelewa. Ya pili ilisema kwamba akichelewa tena ataondolewa kwa Bi Pushpa. Miaka minne alikuwa akimsuka nywele mama yule kila asubuhi. Alimpenda, na wazo la kumwachia mtu mwingine lilimkosesha usingizi.

Sheikha alipomweleza, Abdulwakil hakumbishia. Alichukua siku moja ya mapumziko, akatembea naye bega kwa bega, gurudumu lake la kupimia likizunguka mbele yao. Magari yalipita kimya. Msabaha alimwamkia Abdulwakil kwa heshima zote, akauliza hali za watoto. Mita mia tano na sitini, dakika saba. Abdulwakil aliwaza kutwa nzima, na jioni akarudi na viatu vipya vya kutembelea. Sheikha alivivaa, kwa sababu alikuwa na mume mwema na viatu vilimtosha.

Hakuwa peke yake. Kwenye kilomita ya pili alikuwa akikutana na Komal wa ghorofa ya chini, ambaye njia yake ilikuwa ndefu kuliko ya wote kwa kuwa ana miaka kumi na tisa. Wengine walitembea na chupa za chai. Mmoja alifanya mikutano yote ya ofisini kwake kwa simu huko huko njiani. Walipashana habari kwamba leo kuna wajenzi upande wa kushoto, afadhali kupita kulia. Kulia nako walikuwapo wengine.

"Yangu ilirudi kuwa fupi nilipofika miaka hamsini na nane," Bi Pushpa alimwambia siku moja akisukwa. "Ngoja tu uzeeke, bibiye. Asubuhi moja unatoka, hapo hapo umefika."

Akaongeza kwamba siku hiyo alikaa kituoni akalia, na mabasi mawili yakampita.

Sheikha hakuwa na miaka ishirini ya kungoja. Alianza kutoka saa kumi na mbili, kisha saa kumi na moja na nusu, na kadiri alivyotoka mapema ndivyo wanaume walivyomkuta peke yake. Alibadili upande wa barabara mara tano, mara sita. Alimpigia mama yake simu Pemba, akamuuliza kama kuna salamu inayoweza kuachwa. Mama akamwambia salamu ni ya Mungu, si ya Msabaha, itikia upite. Alhamisi iliyofuata Sheikha alipita bila kuitikia.

"Salamu ya Mungu unaninyima?" Msabaha alisema, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Mtandio wa nini basi?"

Waliokuwa ndani kwa kinyozi walicheka. Kituo cha basi, ambacho Sheikha alikuwa akikiona mbele yake pamoja na watu watatu waliokuwa wakingoja, kilirudi nyuma taratibu, kikawa nukta, kikatoweka. Aliitikia ile salamu moyoni, kwa ajili ya nafsi yake, akatembea. Alifika kwa Bi Pushpa saa nne kasorobo. Mama yule alikuwa bado kitandani, shuka limelowa, amegeukia ukutani. Hakutaka kutazamwa.

Meneja, Jeff, hakushangaa. Alieleza kwamba wafanyakazi wengine kumi na mmoja wa kike wana njia kama hiyo, na fomu yake ipo.

"Basi waambieni hao wanaume waache," Sheikha alisema.

Jeff aliitazama fomu pande zote mbili, akasema hapana sehemu ya kuandika hilo. Kisha, kwa huruma ya kweli, akaisogeza anwani ya Sheikha mbali zaidi kwenye kompyuta inayopanga zamu, ili zake zianze mchana. Bi Pushpa akapewa Ulrich, kijana mpole, anayefika kwa dakika saba. Hajui kusuka.

Halmashauri nayo ilituma mpimaji. Alikuwa mwanamke, kwa hiyo kazi ilimchukua siku mbili na ripoti yake ilikuwa sahihi. Hakuna aliyeipinga. Mwezi wa Juni yakawekwa mabenchi sita ya mbao nzuri, na kibao kinachosema kuwa wanawake wanaotembea mbali wapumzike hapo.

Siku ya kwanza ya mabenchi Sheikha alitoka saa tano asubuhi, miguu ikimuuma. Benchi la kwanza lilikuwa na wanaume wanne, wamejinyoosha. Mmoja alisogea kidogo, akaupigapiga ubao kwa kiganja.

"Njoo ukae, mrembo," alisema. "Si yenu haya?"

Zilikuwa zimebaki kilomita tatu. Sheikha alikaza mtandio, akainua mguu, na kabla hajaushusha zikawa nne.