Dume au Jike

Habari hii alinisimulia Fiorenza mwenyewe, Septemba iliyopita, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za nyuma tunamenya maharage, na mbwa wake amelala juu ya mguu wangu mpaka ukafa ganzi. Naieleza kama alivyoieleza, ila pale alipojisifu nimepunguza.

Fiorenza alikuwa na miaka sabini na mmoja. Tangu afiwe na mumewe alikuwa anaishi Alessandria, mji wa bara, na Pirro, mbwa dume wa rangi ya kahawia, wa kumfika gotini. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya nne, haina lifti, na goti la Fiorenza halikuzitaka tena ngazi zile. Mwanawe Ivano akamwambia aje akae nao pwani, yeye na mkewe Ornella. Chumba kilikuwepo, kidogo, lakini chumba. Shida ikawa Pirro.

Ornella alikuwa mwoka mikate. Kila siku aliamka saa nane usiku kwenda kuwasha tanuri, akirudi mchana anakula, kisha analala hadi saa kumi na moja. Usingizi wake wa maana ulikuwa huo. Akamwambia mama mkwe wake kwenye simu, bila kuzunguka:

"Mama, mimi sina ugomvi na mbwa. Ila huyo wako simjui. Njoo naye Jumamosi. Tutakula mgahawani kwanza, nimwone akikaa na watu, halafu twende nyumbani nilale. Nikilala, anabaki. Nisipolala, Egidio atakuja kumchukua jioni hiyo hiyo."

Egidio alikuwa binamu wa marehemu mumewe Fiorenza, mfugaji wa nguruwe. Mbwa wake walifungwa mnyororo tangu wakiwa wadogo na hawaingii ndani hata theluji ikidondoka. Fiorenza alishawaona. Usiku wa Ijumaa hakulala, akawa anaamka kuangalia kama Pirro yupo, na Pirro naye akawa anaamka kuangalia anaangaliwa kwa nini.

Kwenye treni alimvisha kile kikapu cha mdomoni cha kuzuia kuuma, ambacho mbwa mkubwa hana budi kukivaa. Pirro akakisugua kwenye kiti, akakisugua kwenye goti lake, akakisugua kwenye begi la mtu. Tiketi ya mbwa Fiorenza aliishika mkononi tangu anapanda, ikalowa jasho. Mkaguzi alipopita aliitazama kwa mbali tu, lakini yeye akamnyooshea mara mbili.

Kituo cha pili akapanda mama mmoja na kimbwa kwenye mkoba. Kabla hajakaa, kabla hajasema habari za asubuhi, akauliza kama wanavyouliza wote wenye mbwa:

"Dume au jike?"

"Dume," alisema Fiorenza.

"Basi. Na wangu dume." Mama akageuza mkoba wake, akaenda kukaa behewa jingine.

Fiorenza alibaki anatazama kiti kile kitupu. Treni iliingia kwenye mahandaki, ikatoka, ikaingia tena, na kila gizani Pirro alisimama, na kila kwenye mwanga akakaa. Walipoiona bahari wote wawili walikuwa wamechoka kama waliokuja kwa miguu.

Ivano aliwapokea kituoni, akambusu mama yake, akamfungua Pirro kikapu. Ornella alikuwa amesimama kivulini, unga bado uko kwenye nyusi. Alimbusu mama mkwe mashavu yote mawili. Pirro hakumgusa, alimtazama tu.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," alisema Fiorenza. "Ni mpole sana. Hana neno na mtu."

"Na mbwa wenzake?"

"Na mbwa wenzake pia," alisema Fiorenza haraka mno, na Ivano akaanza kukohoa.

Mgahawa ulikuwa wa Bice, mwanamke mnene mwenye penseli sikioni, na kwa kuwa ilikuwa katikati ya Agosti, meza zote za nje zilijaa. Zilijaa hata mbwa. Chini ya kila meza ya pili kulikuwa na mkia, na bakuli za maji zilikuwa zimetangulia kufika kuliko mvinyo. Bice aliwatazama, akampima Pirro kwa macho.

"Nina meza moja, pale chini ya mwavuli. Lakini jirani yenu ni nahodha Gaspare, na Drago wake ni dume, tena dume haswa. Wako je? Dume au jike?"

Fiorenza aliona meza ile tupu. Akaona uso wa Ornella, ambao ulikuwa macho tangu saa nane usiku na unataka kukaa. Akajua wakikosa hapa watarudi nyumbani na njaa na hasira, na Ornella mwenye hasira hatalala, na asipolala, Egidio.

"Jike," alisema.

Ivano akatazama viatu vyake.

"Jina lake?" aliuliza Bice, kwa sababu naye anapenda mbwa.

"Pirra."

"Pirra, njoo mama, njoo," alisema Bice, akatangulia. Kwa bahati manyoya ya Pirro ni marefu, na pale penye ushahidi huwezi kuona mpaka uiname. Ornella alifuata nyuma, macho yake yako kwenye mkia wa Pirro.

Nahodha Gaspare alikuwa mstaafu wa meli za mizigo, shati jeupe, sharubu za kuchana. Drago alikuwa mweusi, kifua kipana kama mlango.

"Karibuni majirani," alisema nahodha. "Drago, simama, mwanamke anapita. Huyu wangu kwa wanawake ni bwana kabisa, bibi. Hata bakuli lake anawaachia. Madume ndio hataki kuyaona."

"Vizuri," alisema Fiorenza, akaizungusha kamba ya Pirro kwenye kifundo cha mguu mara tatu.

Wakaletewa dagaa wa kukaanga, kisha vifuko vya tambi vilivyojazwa mboga, na mchuzi wake wa jozi, zile njugu za ganda gumu. Ivano alikula kwa kuinamia sahani. Ornella alikula taratibu, anamtazama mama mkwe wake. Fiorenza hakuweza kumeza. Mkono mmoja ulikuwa mezani unashika uma, wa pili uko chini unashika kichwa cha Pirro, na kichwa chenyewe hakitulii: kinageuka kwa Drago, kinarudishwa, kinageuka tena.

"Mama, kula," alisema Ornella.

"Nakula."

"Hujala. Umeuhamisha mchuzi kutoka huku kwenda huku."

"Mwache basi mrembo anuse kidogo," aliingilia nahodha. "Umembana mno. Sogea, Drago, msalimie Pirra."

"Ana haya," alisema Fiorenza.

"Haya itamtoka."

"Tena ni mgonjwa kidogo."

"Mgonjwa wa nini?"

Fiorenza alitafuta ugonjwa na hakuupata. Ivano akasema "masikio", na Ornella akafuta mdomo wake kwa kitambaa muda mrefu kuliko mdomo ulivyohitaji.

Pirro ndiye aliyechoka kwanza. Alikuwa amekunywa bakuli zima la maji, na kabla ya hapo amekaa saa mbili kwenye treni. Akanyanyuka, akaivuta kamba mpaka mguu wa Fiorenza ukamfuata chini ya meza, akafika kwenye nguzo ya mwavuli. Pale, mbele ya watu wanaokula, akainua mguu wa nyuma juu, vizuri, kama dume lolote duniani.

Nahodha aliacha kutafuna.

"Bibi," alisema, "huyo mwanamke wako kafundishwa na nani kukojoa hivyo?"

Drago alikuwa ameshaelewa kabla yake. Aliruka na kiti kikaruka naye. Meza ikasogea, chupa ikalala, mvinyo ukamwagika kwenye suruali nyeupe ya nahodha, na Fiorenza, ambaye mguu wake ulikuwa bado umefungwa kwa mbwa, alijikuta amekaa chini. Watu walisimama na sahani zao mikononi. Ivano alishika ukanda wa shingo ya Drago pamoja na nahodha, wakavuta wote wawili.

Pirro hakupigana. Alikimbilia chini ya kiti cha Ornella, akajikunja katikati ya miguu yake, anatetemeka mpaka kiti kikawa kinatetemeka.

Bice alikuja na penseli mkononi.

"Nani amesema jike?"

"Mimi," alisema Fiorenza pale chini. "Ni dume. Anaitwa Pirro. Nilisema uongo kwa sababu nilitaka meza."

"Mama, mimi nauliza swali moja tu kwa mwenye mbwa," alisema Bice. "Moja. Siulizi umri wako, siulizi dini yako. Miaka yote watu wanakula hapa na mbwa wao kwa amani kwa sababu ya swali hilo. Samahani, lakini utaondoka. Chakula nitawafungia."

Nahodha Gaspare alitaka kuongeza lake, akamwona mwanamke mzee ameketi kwenye mvinyo, akaishia kusema, "Na suruali yangu mpya," kwa sauti ndogo.

Waliondoka na vyombo vya foili mkononi. Barabara ilikuwa inawaka jua. Pirro alitembea karibu na ukuta, Fiorenza karibu na Pirro. Ivano akasema kile ambacho mama yake alikuwa anakisubiri:

"Basi nimpigie Egidio?"

"Nani kakwambia upige?" alisema Ornella.

"Si umeona mwenyewe?"

"Nimeona mbwa amekojoa kwenye nguzo. Na mbwa mwingine amemfukuza, yeye akajificha. Kosa liko wapi hapo?" Akasimama, akamgeukia mama mkwe wake. "Wewe ndiye mwenye kosa, mama. Umenikalisha saa nzima nasikia dume akiitwa Pirra. Nimeitafuna tambi nzuri ya Bice bila kuisikia ladha, nasubiri tu lini litatokea. Nyumbani kwangu ukivunja kitu, sema umevunja. Mbwa akila kiatu, sema amekula. Mimi nikishajua, nalala. Nikiwa sijui, silali."

"Nimekosa, mwanangu."

"Sawa. Makubaliano ni yale yale. Twendeni nikalale."

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, vigae vyeupe kila mahali. Ornella alifunga vibao vya madirisha, akaacha milango wazi ili upepo upite, akajitupa kitandani na soksi zake. Ivano alijinyoosha kwenye kochi, na kabla mtu hajahesabu hadi kumi alikuwa amelala. Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu mtoto.

Fiorenza alilala kwenye kitanda kidogo cha chumba kipya, macho wazi. Pirro hakukaa. Alizunguka kitanda, akazunguka tena, na kucha zake juu ya vigae zilikuwa zinagonga: ka, ka, ka, ka. Akafika dirishani, akarudi. Fiorenza akamvua ukanda wa shingoni ili njuga yake isilie. Kucha zikazidi kusikika.

"Lala," alimnong'oneza. "Lala, baba. Shh. Hapa. Si huko, hapa. Lala chini. Pirro. Pirro, nisikilize, tafadhali, kaa. Shh. Unataka nguruwe wewe? Kaa."

Kitanda cha chumba cha pili kililia. Kisha sauti ya Ornella ikaja kupitia ukutani, nzito:

"Mama."

"Naam."

"Mbwa namsikia kidogo. Wewe nakusikia sana."

Fiorenza akafunga mdomo. Kwake hilo lilikuwa gumu kuliko ngazi zote za Alessandria, maana kwa miaka kumi mbwa yule alikuwa hatulii ila kwa maneno yake, ama ndivyo alivyoamini. Akaushika mto kwa mikono miwili. Ka, ka, ka. Pirro alikuja kumtazama usoni, akasubiri aambiwe kitu. Hakuambiwa. Akageuka, akatoka mlangoni.

Fiorenza alitaka kumwita. Angemwita, angesikika. Akataka kusimama, lakini goti lake likinyooka hulia kama kuni kavu. Akabaki hivyo hivyo, shingo imenyanyuka, anafuata kucha kwa masikio. Zilipita sebuleni, zikapita kwenye kochi la Ivano. Zikasimama. Zikaendelea, polepole sasa, mpaka zikaingia chumbani kwa Ornella.

Kimya.

Akasikia godoro linabonyea. Akaona akilini mnyororo wa Egidio, na ule udongo mweusi kuzunguka kigingi pale ambapo mbwa amezunguka mpaka majani hayaoti.

"Hapana," ilisema sauti ya Ornella, chini chini, sauti ya mtu aliye nusu huku nusu kule. "Kitandani hapana. Chini. Hapo. Haya."

Kitu kizito kilishuka, kikajibwaga sakafuni kwa pumzi ndefu. Baada ya hapo hakuna kucha. Fiorenza alisubiri Ornella ainuke, akasubiri simu ichukuliwe, akawa anahesabu pumzi zake mwenyewe na kupoteza hesabu. Nje pikipiki ilipita. Jirani alidondosha sufuria, akajitukana. Fiorenza alimlaani jirani yule moyoni kwa majina yote aliyoyajua, kisha akamwombea msamaha, kisha akamlaani tena.

Ndipo kule chumbani kukaanza mkoromo. Ulianza mdogo, ukakwama, Fiorenza naye akakwama nao, halafu ukaachiliwa, mpana na mzito, wa mwanamke aliyebeba magunia ya unga tangu saa nane usiku.

Fiorenza alirudisha kichwa kwenye mto. Hakujua mbwa wake yuko upande gani wa kile kitanda, na hakuthubutu kwenda kutazama. Aliusikiliza mkoromo ule unapanda na kushuka, akiogopa kila unaposhuka, na mahali fulani katikati ya kushuka na kupanda naye akalala.