Bakuli la Mafigani

Hata kukaa alikaa kwa kujitupa, maana kiuno kilikuwa hakimtaki tena. Wiki nzima mtafiti wa vyombo vya kale alikuwa ameinama katika chumba cha nyuma cha jumba la makumbusho, akiunganisha vigae kwa gundi, na Jumapili masufuria yalikuwa yanamsubiri nyumbani kwa baba yake. Ndugu zake walimwita Waziri wa Jiko. Walidhani wanamsifu.

Mezani yalipangwa mabakuli ya karamu ya watu wa zamani sana, yote saizi moja, yote yametobolewa kitako kwa pigo moja. Yalifukuliwa katika shimo moja. Watu wale walikula, wakavunja mabakuli yao kwa pamoja, wakayafukia. Ndivyo walivyoapiana udugu, kwa maoni yake. Kwenye kibao cha maonyesho alikuwa ameandika: "Wote walikula pamoja." Sentensi hiyo aliipenda mno.

Lilibaki bakuli moja dogo, lililookotwa kando ya mafiga, jeusi kwa masizi na zima kabisa. Alikuwa ameliita bakuli la kuonjea, akalisukuma pembeni. Leo aliligeuza kwenye mwanga akaona ndani mikwaruzo ya kukomba, ile anayoacha mlaji, siyo mwonjaji. Mtu alikula hapo peke yake, moshi ukimwingia machoni, wenzake wakiapiana kule. Hakuna aliyemwita aje avunje lake.

Alimwonea huruma, kisha akajiona mjinga. Yeye mwenyewe kila Jumapili hula amesimama jikoni, chakula kwenye kifuniko cha sufuria, na bado ilibidi afunzwe na udongo. Akachukua kalamu, akalikata neno "Wote".

Simu ikaita. Mdogo wake wa kiume alitaka kujua alete nyama kiasi gani.

"Safari hii sipiki," akamwambia. "Nakuja kukaa mezani, nile na nyinyi."

"Kwani dada, siku zote huwa huli na sisi?"

Aliuliza kwa moyo mweupe kabisa, na hapo ndipo palipouma.

"Hapana, mdogo wangu. Sijawahi."

Kisha akamsikia, kwa mbali, akimuuliza mkewe kiti cha kuongeza pale mezani kitatoka wapi.