Bi Heshima na Lenzi Iliyopona

"Usiguse!" fundi alisema, ingawa hakuna aliyegusa kitu.

Lenzi ilikuwa imelala mezani vipande vipande. Kila skrubu ilikuwa na kishimo chake ndani ya trei ya mayai: za mbele mbele, za nyuma nyuma, na zile ndogo kabisa, ambazo ukipiga chafya huzioni tena, zimefunikwa kwa kizibo cha chupa. Bi Heshima aliketi upande wa pili wa meza, mikono yake ameikalia ili isije ikamponyoka ikagusa. Alikuwa na uso wa mama aliyempeleka mtoto kung'olewa jino.

"Mgonjwa alianza lini kukoroma?" fundi aliuliza.

"Jana jioni. Nikibonyeza anakoroma, anakwenda mbele, anarudi nyuma, hatulii. Mwisho akanyamaza kabisa."

"Hakuanza jana huyu. Mwenyewe hukutaka kusikia."

Mtaa mzima ulimwita fundi huyu Daktari wa Macho, kwa sababu alitengeneza miwani, darubini na kamera katika kibanda ambacho mtu mnene angeingia kwa ubavu. Alichukua kibano, akakitumbukiza ndani ya lenzi, akatoa kitu kidogo kinachometameta na kukiinua kwenye mwanga.

"Ona. Kipande cha nakshi ya gauni la bibi harusi. Umekula harusi za watu mpaka lenzi imevimbiwa."

Siku nyingine Bi Heshima angecheka akashika mbavu. Leo alicheka nusu mdomo. "Daktari wangu, atapona kabla ya saa sita?"

"Daktari hasukumwi."

"Sikusukumi, nakubembeleza. Leo mama na mama mkubwa wanakaa kiti kimoja."

Fundi aliweka kibano chini. Kisa cha kina mama wale wawili alikijua, nani asiyekijua? Mama yao, bibi yake Bi Heshima, aliacha picha moja tu duniani. Ameketi, mkono juu ya goti, anacheka na mtu ambaye hakuonekana. Binti zake wawili walikuwa wakipokezana picha ile, mwaka huu kwa mkubwa, mwaka ujao kwa mdogo, mpaka mwaka ambao mvua ilitoboa paa la mkubwa. Maji yaliila picha kuanzia juu. Ulibaki mkono juu ya goti, na viatu. Mdogo alipooneshwa alisema neno moja, "Umemzika mama mara ya pili," akafunga mlango. Tangu siku ile hawakusemezana. Wakikutana msibani, mmoja anasalimia walio kulia, mwingine walio kushoto.

Sasa mama mkubwa alikuwa anahama, anakwenda kukaa kwa mwanawe, mbali, safari ya siku nzima barabarani. Gari lingeondoka mchana huo huo. Ni yeye aliyetuma salamu kwa mpwa wake: nipige picha na mama yako, utoe mbili, kila mtu na yake, pasiwe na wa kumlaumu mwenzake. Na mama naye akajibu: nitakuja, lakini kuongea siongei. Bi Heshima alipopendekeza watumie simu, mama mkubwa alikataa katakata. "Sipigwi picha na kitu ambacho katikati ya kazi kinaweza kuita." Mpiga picha mwenzake wa mtaa wa pili naye alikuwa harusini na vifaa vyake vyote. Basi ikawa ni lenzi hii au hakuna picha, na pasipo picha, akina dada wale wangeachana vile vile walivyokaa, kimya.

Fundi alipuliza kwa kipira chake, fuu, fuu, akapangusa vioo, akarudisha skrubu moja moja. Kisha akafunga lenzi kwenye kamera, akailenga kwenye ukurasa wa gazeti alioubandika ukutani, akapiga, akatazama, akaguna, akafungua tena. Akapiga, akaguna. Hivyo hivyo, mpaka Bi Heshima akaanza kung'ata kucha.

"Ahaa," fundi alisema mwishowe, sauti ya mtu aliyeshinda kesi. "Kumbe huyu alikuwa na kilema cha zamani. Ukimlengesha kwenye jicho, anakamata pua. Nimekinyoosha hicho nacho. Sasa usimsaidie, unanisikia? Mwache afanye kazi yake mwenyewe..."

Simu ya Bi Heshima iliita. Aliyepiga alikuwa mshona nguo wa chumba cha jirani na studio yake. "Njoo mbio! Wamefika wote wawili. Mmoja anatazama mlango, mwingine dirisha, na mimi katikati natamani kufa."

"Asante, Daktari, asante, Mungu akuzidishie!" Bi Heshima alikuwa ameshafika barabarani.

Hapa ndipo penye kosa lake, na mimi simwonei. Lenzi ile iliwahi kudondoka kutoka mezani kwenye sherehe ya watu, zamani, na tangu hapo ikawa na uongo wake: unalenga macho, pua ndiyo inatoka safi na macho yanaingia ukungu. Mwenye akili angeipeleka kwa fundi siku ya pili. Yeye aliizoea. Alijifunza kubonyeza kitufe nusu, kusubiri ule mlio wa pii, kisha kuinama kidogo kuelekea kwa mteja, kidogo tu, ndipo apige. Macho yakatoka safi. Na wateja, wasiojua habari za lenzi, wakaona adabu. "Yule dada anakuinamia kabla ya kukupiga picha! Tazama malezi!" Jina la Bi Heshima likamganda, naye hakulikataa. Nani anakataa sifa za bure?

Studio yake ilikuwa chumba kimoja, pazia la bluu ukutani, benchi, na kioo chenye kitana kilichofungwa kwa kamba kwa sababu vitana vina miguu. Mama alikuwa ameketi ncha moja ya benchi, mkoba mapajani. Mama mkubwa alikuwa ncha nyingine, hereni kubwa masikioni, mgongo umenyooka. Katikati yao angeweza kulala mtu.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba," walijibu kwa pamoja, kisha kila mmoja akakasirika kwa kujibu pamoja na mwenzake.

"Mtasogea kidogo."

"Mwambie mama yako asogee yeye. Mimi mguu unaniuma."

"Mwambie mama yako mkubwa kwamba mimi nilishafika hapa nilipo."

Bi Heshima aliwasogeza mwenyewe, huyu kwa bega, yule kwa kiuno, akawabembeleza, akawatania, mpaka mabega yakakaribia kugusana. Nje, mwana wa mama mkubwa alipiga honi. Mizigo ilikuwa imeshapakiwa.

Pii. Akainama. Akapiga. Pii. Akainama. Akapiga.

Lenzi haikukoroma hata chembe. Moyo wake ulitulia, akageuza kamera atazame kioo cha nyuma, akaivuta picha iwe kubwa. Tabasamu likamkauka. Hereni za mama mkubwa zilionekana kila ua na kila kijitundu. Masikio ya mama ungeweza kuyahesabu mikunjo. Lakini nyuso zenyewe, macho yenyewe, yalikuwa yamezama ukunguni.

"Vipi?" mama aliuliza.

"Nzuri. Tunarudia kidogo."

Alirudia. Masikio. Akasogeza benchi, akafungua dirisha, akarudia. Masikio tena, safi kuliko mwanzo. Honi ikapigwa mara ya pili, na mama mkubwa akaanza kukusanya mtandio wake.

"Mwanangu, riziki haivutwi kwa kamba. Kama haipo, haipo."

"Mama mkubwa, nakuomba, dakika moja!" Alitoka nje ya mlango akampigia fundi. "Daktari, umeniua! Umeniharibia lenzi! Inapiga masikio!"

Fundi akauliza taratibu, "Bi Heshima, unainama?"

"Ndiyo, nina..."

"Nilikwambia nini? Usimsaidie. Kapona! Wewe unainama mwendo wa pua hadi jicho, naye sasa anaanzia kwenye jicho. Ukiinama utafika wapi? Masikioni!"

Bi Heshima alijipiga kofi la paji la uso, mshona nguo akachungulia kuona nani amepigwa. Alirudi ndani mbio. "Basi, nimejua! Kaeni, kaeni. Picha moja tu."

Pii. Na mgongo wake, haki ya nani, ukainama wenyewe.

"Lo!" alijikemea. Akajipanga upya, akakaza magoti. Pii. Akainama. Akaegemea ukuta, visigino ukutani, mabega ukutani, akisema kwa sauti, "Siinami, siinami." Pii. Mabega yalibaki ukutani kweli, lakini kichwa na kamera vikaenda mbele peke yao. Mazoea yana taabu.

Mama alikuwa akimtazama tangu mwanzo, midomo ameibana. Sasa ikamshinda.

"Dada," alisema, "hebu mwone mwanao. Si kama kuku anayedonoa?"

Alikuwa amegeuka kabisa kumwelekea mwenzake. Alipogundua alichofanya, akaduwaa, mkono mdomoni. Mama mkubwa hakugeuka haraka. Aliuangalia ukuta wa mbele, kidevu kikimtetemeka, na Bi Heshima hakujua kama ni hasira.

"Kamrithi nani?" mama mkubwa alisema. "Si wewe? Mama alikuwa akikutuma maji unarudi na ndoo tupu umejipinda vile vile, eti nzito."

"Mimi?"

"Wewe! Mama akicheka mpaka anakaa chini."

Na wote wawili wakacheka, kicheko kile kile kimoja, kilichoanzia puani na kuishia machozini. Kilipopungua, mama aliufungua mkoba wake na kuufunga tena bila kutoa kitu.

"Dada, mvua ile ilikuwa kubwa. Hata kwangu ilivuja. Nilisema neno baya."

"Ulisema."

"Nimelijutia kila mwaka."

"Ungeniambia mapema kidogo, tungeokoa miaka," mama mkubwa alisema, na akauweka mkono wake juu ya goti la mdogo wake.

Bi Heshima aliona mkono ule, jinsi ulivyokaa juu ya goti, akaujua. Machozi yalimjia na hakuwa na mkono wa kuyafutia. Aliinua kamera. Pii. Hakuinama. Alisimama wima kama mlingoti, akapiga, na tena, na tena, wakati wao wanaendelea kubishana kuhusu ile ndoo.

Hakuivuta picha kuitazama mpaka walipokuwa wamesimama. Macho manne, mekundu, yenye unyevu, yakimwangalia mtu ambaye hakuonekana. Kila kope ilikuwa mahali pake.

Honi ilipigwa kwa muda mrefu. Walitoka wameshikana, mmoja akimwekea mwenzake mtandio vizuri, mwingine akimwagiza dawa za mguu, wote wakisema kwa pamoja na hakuna anayekasirika. "Yako nitakuletea mwenyewe," mama alikuwa akisema dirishani. "Sitaituma. Nitakuja nayo." Gari lilianza kwenda taratibu, naye akatembea nalo kidogo, mkono dirishani, mpaka likamzidi.

Alipogeuka alimkuta binti yake mlangoni pa studio. Kamera ilikuwa ndani, juu ya benchi. Bi Heshima alikuwa ameinama, mikono mitupu, kuelekea barabarani.

"Umeanza tena?" mama alimuuliza.

Bi Heshima alibaki ameinama vile vile mpaka gari likakata kona.